Maisha ya kiwanda cha zana za kilimo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafanyakazi, familia na majirani

Nimefanya kazi kwenye viwanda vya zana za kilimo huku Arusha na Moshi kwa miaka mingi: nilianza deiwaka, yaani kibarua wa kutwa, nikawa mchomeleaji, sasa nasimamia wanagenzi. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa getini, kwenye chai ya saa nne, msibani na hata kwenye daladala. Yanayohusu sheria ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya kazi.

## Kiwanda chenyewe

1. Kiwanda cha zana za kilimo kinatengeneza nini? Matrekta?

Mara nyingi si matrekta. Viwanda vyetu vingi ni vidogo na vya kati. Hutengeneza plau za kukokotwa na ng'ombe, mashine za kupukuchua mahindi, vinu, mashine za kukatia majani ya mifugo, mikokoteni ya punda, trela za pawatila (trekta dogo la magurudumu mawili), pamoja na vipuri vyake. Jembe la mkono lina historia yake. Wazee wengi vijijini bado wanalikumbuka jembe la UFI, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam.

SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ilianzishwa mwaka 1973, na mafundi wengi walipata paa lao la kwanza la kufanyia kazi kwenye mitaa yake ya viwanda. CAMARTEC, iliyoundwa mwaka 1981, ipo hapa Arusha na kazi yake ni kubuni na kujaribu zana za kilimo. Kijana anayeingia kwenye fani hii ayajue majina haya mapema, maana atakutana nayo.

2. Siku ya kazi inakwendaje?

Kwetu kengele inalia saa mbili asubuhi. Chai ni saa nne, chakula cha mchana saa saba, na kutoka ni saa kumi na moja. Jumamosi tunatoka saa saba. Ukijumlisha unapata saa 45 kwa wiki, na hicho ndicho kikomo cha kisheria cha saa za kawaida. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo ana haki ya kupumzika dakika 60.

Chai ya saa nne msiichukulie kama jambo dogo. Mama lishe wa getini anajua nani hanywi sukari, nani amefiwa, nani hajala tangu jana. Habari nyingi za kiwanda humfikia yeye kabla hazijafika ofisini.

3. Kwa nini kuna miezi tunafanya kazi hadi usiku na miezi mingine tunafagia tu?

Kwa sababu kalenda ya kiwanda chetu ni mvua. Anayenunua plau hainunui mpaka aone mawingu yanakaribia, au mpaka auze kitu apate fedha. Mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Singida na Tabora, huagiza plau kuanzia mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja. Huku kaskazini, wanaojiandaa kwa masika huja Januari hadi Machi. Mahindi yakianza kukauka, kuanzia mwezi wa tano au wa sita, oda za plau zinakatika na kila anayepiga simu anataka mashine ya kupukuchua.

Ugumu upo hapa: wafanyakazi wengi nao ni wakulima. Wiki ambayo kiwanda kinakuhitaji kuliko zote ndiyo hiyohiyo shamba lako linakuita. Nimeona watu wazuri wakipoteza kazi kwa kutoweka siku tano bila taarifa, kisha wanarudi na udongo kwenye kucha wakidhani wataeleweka. Likizo ya mwaka ni siku 28, lakini sheria inampa mwajiri nafasi ya kupanga lini uichukue. Omba mapema, kwa maandishi, na pangeni kwa zamu. Kwetu tunabandika karatasi ukutani mwezi wa kwanza, kila mtu anaandika wiki ya shamba lake, na wale wenye mashamba ya masika hupishana na wale wa vuli. Tangu tuanze utaratibu huo ugomvi umepungua sana.

Kama kazi imekauka kabisa mpaka mnaambiwa mkae nyumbani, soma swali la 17.

## Kuingia kazini

4. Sina cheti, nilijifunza kuchomelea mtaani. Nitaajiriwa?

Ndiyo, na mafundi wazuri sana tulionao walitoka mtaani. Utapewa chuma mbili, uambiwe uunganishe, kisha tutapiga nyundo tuone kama inaachia. Mkono wako ndio utakaokujibia.

Lakini usiishie hapo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa vitendo, pengo likionekana unafundishwa, halafu unapewa cheti. Nawasisitiza vijana wakifuate hata kama kazi wanayo tayari, kwa sababu siku kiwanda kikifunga milango, ujuzi usio na karatasi unaanza kuthibitishwa upya kila unapokwenda.

5. Mwanangu ana miaka 16. Anaweza kuja kujifunza?

Kama mfanyakazi wa kiwandani, hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kiwandani kwenye mazingira ya hatari, na sehemu yenye mashine za kukata chuma ni ya hatari. Mafunzo yanayosimamiwa kisheria, kama ya chuo cha ufundi, yana utaratibu wake. Mlete kupitia chuo. Mzazi anayeniambia "mchukue tu, atakuwa anafagia" najua baada ya wiki mbili mtoto atakuwa ameshika grenda, mashine ya kukatia na kusagia chuma.

6. Nimekuwa deiwaka mwaka mzima. Nina haki gani?

Swali hili linaniuma, kwa sababu nililiishi. Karakana yangu ya kwanza niliingia nikiwa deiwaka, nikalipwa mkononi kila jioni kwa miaka mitatu. Nilikuwa nafika kabla ya mwenye ufunguo. Nilipougua homa ya mapafu nikakaa ndani wiki tatu, niliporudi nilimkuta mtu mwingine kwenye meza yangu, amevaa ovaroli langu. Sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba nilipata kuwa pale.

Kwa hiyo nasema wazi: jina "deiwaka" halifuti sheria. Anayefanya kazi kwa mwajiri mmoja siku 6 au zaidi kwa mwezi anastahili kupewa maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi ni ipi, ilianza lini, saa ngapi, malipo kiasi gani. Mkifika kwenye shauri na mwajiri hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye, si wewe. Na ukishapitisha miezi 6 unaingia kwenye kinga dhidi ya kuachishwa bila haki.

Wakati unasubiri karatasi, jiwekee daftari. Andika tarehe, saa na malipo ya kila siku. Ujumbe wa simu wa malipo usiufute.

## Malipo na makato

7. Saa za ziada zinalipwaje?

Si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa saa ya kawaida. Mnakubaliana, hulazimishwi, na hazizidi saa 50 katika wiki 4. Siku ya kazi kwa jumla isizidi saa 12. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi inaongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Sikukuu ya taifa inalipwa mara mbili.

8. Nimekata bati vibaya, au drili imevunjikia mkononi mwangu. Wanaweza kunikata mshahara?

Si kwa amri ya mdomo ya msimamizi. Ili ukatwe, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, uelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, upewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi hasara yenyewe. Kwa mwezi yasipite robo ya malipo yako.

Drili iliyochakaa ikikatika, hilo si kosa la fundi. Bati lililokatwa bila kupima mara ya pili ni kosa, na fundi mwenye heshima hulikiri kabla hajaulizwa. Vipande vilivyoharibika msivifiche chini ya meza. Kwenye bati kubwa lililokosewa tunatoa vifuniko vya mkanda, kwa hiyo hasara inapungua ikijulikana mapema.

9. Nakatwa NSSF kila mwezi. Nitajuaje kama inafika?

Nenda ofisi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na namba yako ya uanachama, uombe taarifa ya michango. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hawezi kukatwa zaidi ya 10; iliyobaki ni ya mwajiri. Fanya hivyo angalau mara mbili kwa mwaka. Nimewahi kumsindikiza mzee aliyekatwa miaka mingi, tukakuta miezi yenye mashimo kama meno ya kitana. Ilipatikana, lakini baada ya safari nyingi, na yeye nguvu za kusafiri alikuwa hana tena. Slipu za mshahara alizozitunza kwenye mfuko wa unga ndizo zilizomwokoa.

## Usalama

10. Usiku macho yanawasha kama yamejaa mchanga. Ni nini, na je, maziwa au kiazi kinasaidia?

Ni mwanga wa kuchomelea. Umeunguza uso wa jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana mtu anatoka kazini mzima na kulia usiku wa manane. Kwa kawaida hutulia ndani ya siku moja au mbili. Usisugue, usidondoshee maziwa, juisi ya kiazi wala dawa ya jirani. Kaa gizani, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope, na uende kituo cha afya, hasa kama kuna kipande cha chuma kilichoingia. Anayeumia zaidi mara nyingi ni msaidizi anayeshikilia chuma, kwa sababu ngao ya uso ni moja na anayo fundi. Ziwe mbili.

Maziwa tena: wengi hunywa wakiamini yanasafisha moshi kifuani. Hayafanyi hivyo. Bati lenye zinki likichomelewa hutoa moshi unaoleta homa, kutetemeka na kifua kubana jioni ile. Dawa yake ni kuondoa zinki sehemu ya kuunganisha, kufungua milango na kuvaa barakoa inayofaa. Maziwa kunywa, ni chakula kizuri, ila mlango ufunguliwe.

11. Nimeumia kazini. Nianze wapi?

Hospitali kwanza. Kisha hakikisha ajali imeandikwa kwenye kitabu cha ajali siku hiyohiyo, na majina ya walioshuhudia. Mwajiri anatakiwa kuitaarifu WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ndani ya siku 7. Mchango wa WCF hulipwa na mwajiri peke yake. Ukiona makato ya WCF kwenye slipu yako, uliza. Mfuko unashughulikia matibabu, malipo ya muda ambao huwezi kufanya kazi, fidia ya ulemavu wa kudumu, na wategemezi kama mfanyakazi amefariki.

Usikubali kumaliza kienyeji kwa bahasha. Kiwandani nilipokuwa zamani, kijana mmoja alipoteza vidole viwili kwenye mashine ya kukatia iliyokuwa imetolewa kinga "ili kazi iende haraka". Alipewa fedha ya miezi miwili, akashukuru. Miezi miwili ikaisha, vidole havikurudi. Na kinga ya mashine, hata kama inakuchelewesha, haitolewi. Hilo kwangu halina mjadala.

## Maisha ya pamoja

12. Wanawake wanafanya kazi gani kiwandani?

Zote. Kwetu mkereza vyuma anayeaminika kuliko wote ni mwanamke. Shafti ikitoka kwake hatupimi tena. Wapo wanaochomelea, wanaopaka rangi, wanaofunga mashine.

Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 kama ni zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi, anayenyonyesha ana haki ya hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mjamzito hapangwi zamu ya usiku miezi miwili kabla ya kujifungua. Baba naye anapata siku 3, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mbali na likizo, kuna choo chenye mlango unaofungwa na sehemu ya kubadilishia nguo. Kiwanda kisicho navyo kisilalamike kwamba wanawake hawaji.

13. Mwenzetu akifiwa tunafanyaje?

Tuna mfuko wa kufa na kuzikana. Kila mwezi kila mtu anatoa kiasi kidogo, kinaandikwa kwenye daftari linaloonekana na wote, na msiba ukitokea fedha inatoka siku hiyo bila kuzungusha bakuli. Wawakilishi huenda kuzika. Wengine hubaki kazini na kufidia zamu zao.

Orodha ya wanaohusika iandikwe mapema: mwenza, watoto, wazazi, wakwe au la. Tulipoanza hatukuandika wakwe, na msiba wa kwanza wa mkwe ulitugawa vibaya. Sheria yenyewe inatoa angalau siku 4 zenye malipo katika mzunguko wa likizo kwa kufiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada, na kwa kuugua au kufiwa na mtoto. Shangazi na mjomba hawamo, na kila Mtanzania anajua kwamba shangazi huwezi kutomzika. Hapo ndipo mnapoelewana na msimamizi kwa siku zisizo na malipo au za likizo ya mwaka.

14. Mei Mosi na Nane Nane ni lazima kuhudhuria?

Mei Mosi ni sikukuu yako. Maandamano ni hiari, ingawa fulana hugombewa. Nane Nane ni jambo jingine: wengine wetu tunakuwa kazini, tunaonyesha mashine viwanja vya Themi, na siku ya tarehe 8 Agosti inalipwa kama ilivyoelezwa kwenye swali la 7. Wanagenzi nawapeleka makusudi. Wasimame siku nzima mbele ya wakulima wanaouliza "hii ikiharibika Kiteto, nitampata nani?" Hakuna darasa linalofundisha hivyo.

15. Nikijiunga na chama cha wafanyakazi nitaonekana mkorofi?

Kujiunga ni haki yako na kukufukuza kwa sababu hiyo ni kosa. Kwa viwanda, chama kinachojulikana zaidi ni TUICO. Ada inakatwa baada ya wewe kusaini. Chagueni mwakilishi anayejua kusoma slipu ya mshahara na asiyeogopa ofisi. Mwenye sauti kubwa peke yake hatoshi.

## Majirani na wakulima

16. Mimi ni mkulima, au jirani tu. Naruhusiwa kuingia na shida yangu?

Karibu. Jirani mwenye malalamiko ya kelele au cheche, mwone msimamizi wa zamu au mwenyekiti wa mtaa. Kukata chuma usiku tunapaswa kuwataarifu. Watoto wasije kuokota vyuma chakavu nyuma ya ukuta. Tumewahi kutoa kipande kwenye unyayo wa mtoto wa miaka sita, na tangu hapo chakavu kinafungiwa.

Mkulima, njoo na mashine yenyewe kama unaweza, usije na maelezo tu. Mwezi wa saba mwaka mmoja alikuja mama kutoka upande wa Babati, mashine ya kupukuchua ipo nyuma ya pikapu, imefungwa kwa kamba ya katani. Alisema, "Mwanangu, hii inatafuna." Tulianza na puli, kwa kuwa wengi huibadilisha ili ngoma ya kupukuchulia izunguke haraka, na punje zinapasuka. Puli ilikuwa ileile ya kwetu. Mama alikuwa amekuja na nusu gunia la mahindi kwenye magunzi. Tukawasha, tukaona punje zinatoka zimekatika upande mmoja tu wa ngoma. Tukaifungua. Ndani kulikuwa na tone la chuma lililoganda, dogo kuliko punje ya mahindi, limeachwa bila kusagwa.

Mwanagenzi aliyeichomelea alikuwa amesimama palepale. Aliingiza mkono, akalipapasa, akanyamaza. Kisha akamwambia, "Mama, nisamehe, ni mimi." Alilisaga mwenyewe, akapukuchua mahindi yote yaliyobaki hadi mwisho, na mama akachota punje kiganjani, akazigeuzageuza, akasema hizi sasa mnunuzi atazikubali. Tangu siku hiyo kila ngoma inapitiwa ndani kwa kiganja kitupu kabla ya kupakwa rangi, na aliyeipitia anaandika jina lake.

## Yasiyotokea kila siku

17. Hakuna oda, tumeambiwa tukae nyumbani mpaka tuitwe. Ni halali?

Mwajiri akitaka kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi, anatakiwa kutoa taarifa, kueleza sababu na kushauriana kabla hajaamua: nani, kwa vigezo gani, na kama kuna njia ya kuepuka. "Mtaitwa" si utaratibu. Ombeni maandishi. Mara nyingi mazungumzo huzaa njia ya kati, kama kupokezana wiki au kumaliza likizo za mwaka kipindi cha ukame wa kazi.

Mkiachishwa kweli, aliyefanya kazi miezi 12 au zaidi anastahili kiinua mgongo cha angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10, pamoja na notisi na likizo ambayo hakuitumia. Ukiona umeonewa, lipeleke CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine ina siku 60. Siku hizo zinahesabika hata kama bado mnaambiwa "subirini kidogo", na wengi wamekwama hapo.

18. Kiwanda kimeuzwa kwa mmiliki mpya. Miaka yangu inaanza upya?

Usisaini mkataba mpya kabla hujauliza miaka ya nyuma imeandikwaje. Chukua taarifa ya NSSF kama ilivyo kwenye swali la 9, na mwombe mwakilishi wenu naye ausome mkataba huo.

19. Nataka kuacha kazi nifungue karakana yangu. Naweza kutengeneza mashine ileile?

Ujuzi ulio mkononi mwako ni wako. Michoro, jigi (vishikizo vya kuongozea kazi) na nembo ya kiwanda si vyako, na kama mashine au nembo imesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kuiiga kutakuletea kesi. Soma mkataba wako kwanza. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28. Omba cheti cha utumishi. Ni haki yako.

Usianze na mashine nzima. Anza na ncha za plau, fremu na matengenezo. Spea ndizo zinazoleta wateja kila wiki, wakati mashine mpya mtu ananunua mara moja kwa miaka mingi. Ulizia nafasi SIDO kabla ya kupanga fremu ya barabarani, maana umeme wa kuendeshea mashine kubwa haupatikani kila mtaa. Na ondoka vizuri. Waliotuaga kwa amani bado wanakuja kwetu kukunjiwa mabati mazito, kwa sababu mashine ya kukunjia ni ghali, na msimu ukituzidi sisi ndio tunaowaelekeza wateja wa matengenezo kwao.